Bufee haijaleta usawa melini

Mwanzoni mwa mwaka 2024 meli ya kitalii ya Norwegian Dawn ilitia nanga katika Bandari ya Dar es Salaam ikiwa na watalii zaidi ya elfu mbili. Habari nyingi zilihusu idadi ya wageni na fedha watakazoacha mjini, na hilo ni haki kwa nchi inayotafuta watalii wa baharini. Lakini kampuni yenye meli ile ina historia nyingine ambayo haikuguswa, nayo inahusu sahani ya chakula. Norwegian Cruise Line ndiyo iliyotangaza mwaka 2000 kwamba abiria wake hatapangiwa tena saa ya kula cha jioni, meza ya kukaa wala watu wa kukaa nao. Mtindo huo waliuita Freestyle. Miaka michache baadaye kampuni nyingine kubwa zikaufuata, kila moja kwa namna yake, na ukumbi rasmi wa chakula, ambao kwa miongo mingi ndio uliokuwa kitovu cha jioni melini, ukaanza kugawana abiria na bufee ya sitaha ya juu na migahawa ya kulipia.

Mabadiliko hayo yamesifiwa kama ushindi wa mtu wa kawaida. Tai imevuliwa, uma tatu zimeondolewa mezani, kila mtu achukue sahani ajipakulie. Hapa Dar es Salaam nimeisikia hoja hiyo kwa watu waliopanda meli Durban na kwa wengine ambao hawajawahi kupanda: bufee ni ya wote, ukumbi rasmi ni wa wakubwa. Mimi naona kinyume chake. Ukumbi rasmi wa meli za kitalii za zama zetu ndio ulikuwa mahali ambapo abiria wa chumba cha ndani kisicho na dirisha na abiria wa chumba chenye roshani walikaa meza moja wakala chakula kilekile. Ulipopungua nguvu, fedha ilipata nafasi ya kuwatenganisha watu upya.

Nieleze kwanza ukumbi huo unavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanaujua kwa picha za suti na magauni marefu tu. Unapokata tiketi unachagua zamu. Ya mapema huanza kama saa 12 jioni, ya pili kama saa 2 na nusu usiku. Unapewa namba ya meza, na meza hiyo ni yako mpaka siku ya kushuka. Wahudumu wawili, mmoja mkuu na mmoja msaidizi, wanahudumia meza zilezile kila jioni. Juu yao yupo msimamizi wa eneo, na juu ya wote msimamizi mkuu wa ukumbi. Menyu hubadilika kila siku. Chakula hutoka jikoni kwa awamu: supu au saladi, kisha chakula kikuu, kisha kitindamlo. Katika safari ya siku saba huwa na jioni mbili hivi za mavazi rasmi; nyingine zote shati safi na suruali zinatosha.

Hizo jioni mbili ndizo zilizouchafulia ukumbi jina. Watu wakakumbuka suti wakasahau meza. Na meza ndiyo yenye thamani. Ukipangiwa meza ya watu wanane, unakula na watu ambao hukuwachagua na ambao wao pia hawakukuchagua. Siku ya kwanza mnasalimiana kwa adabu na kuulizana mmetoka wapi. Siku ya tatu mmeshajua nani ana mgonjwa nyumbani na nani anasherehekea kustaafu, na mhudumu ameshajua nani hali nguruwe, nani anataka maji yasiyo baridi, mtoto wa nani anasinzia kabla ya kitindamlo. Hakuna anayeulizana bei ya chumba, na hata ukiijua haikupi kipande kikubwa zaidi cha samaki.

Usawa huo haukuwa wa tangu mwanzo. Kwenye meli za zamani za kuvusha abiria bahari ya Atlantiki, chakula kiligawanywa kwa daraja kama vyumba vyenyewe. Titanic mwaka 1912 ilikuwa na ukumbi wa daraja la kwanza uliotosha watu zaidi ya 500 kwa mara moja, ukumbi wake wa daraja la pili, na wa daraja la tatu chini zaidi. Daraja la kwanza walikuwa pia na mgahawa wa pembeni wa kulipia, kwa asiyetaka kula pamoja na wenzake wa daraja lake. Ndege za jeti zilipoanza kuvusha abiria Atlantiki mwaka 1958, biashara ile ya meli ikaanza kufa. Kampuni zilizozaliwa baadaye kwa ajili ya utalii, Norwegian mwaka 1966, Royal Caribbean mwaka 1968 na Carnival mwaka 1972, ziliuza kitu kipya: meli ya daraja moja. Vyumba vilitofautiana kwa ukubwa na dirisha, lakini jioni wote waliingia mlango mmoja wa ukumbi. Ni badiliko kubwa kuliko linavyosimuliwa. Mhasibu wa mji mdogo aliyejikusanyia nauli kwa miaka alikuwa anahudumiwa na mhudumu yuleyule, kwa menyu ileile, kama mwenye kiwanda.

Sasa tazama kilichotokea baada ya uhuru wa kula unapotaka. Norwegian ina eneo linaloitwa The Haven, lenye mgahawa wake, kwa abiria wa vyumba vya bei ya juu tu. MSC ina Yacht Club, nayo ina mgahawa wake. Royal Caribbean ina Coastal Kitchen kwa wenye vyumba vikubwa. Celebrity ina Luminae. Kando ya hizo kuna migahawa ya nyama, ya sushi, ya Kiitaliano, ambayo abiria yeyote anaruhusiwa kuingia akilipa zaidi ya nauli aliyokwisha kulipa. Mgahawa wa pembeni wa Titanic umerudi, na safari hii umerudi ukiwa umezaa. Mwenye fedha hafiki tena kwenye ukumbi wa wote, wala hapandi kwenye bufee usiku. Wanaobaki kwenye bufee jioni ni wale ambao hawakulipia pengine, nao wanaambiwa kwamba wako huru.

Najua mtu atanitajia kampuni ya meli ya Cunard. Kwenye Queen Mary 2, meli inayoshika mavazi rasmi kuliko karibu zote, abiria hula kulingana na chumba alicholipia: Queens Grill kwa vyumba vya juu kabisa, Princess Grill kwa vinavyofuata, na Britannia kwa walio wengi. Ni kweli, na kwangu hilo ni kasoro ya Cunard. Lakini linathibitisha kwamba tabaka haliletwi na tai. Linaletwa na kampuni kuamua kwamba bei ya kitanda ndiyo itakayoamua kiti cha mezani. Unaweza kuwa na tai na tabaka, na unaweza kuwa na kaptula na tabaka. Meli nyingi za leo zimechagua hiyo ya pili.

Na sisi wa Dar es Salaam tunaijua bufee vizuri kuliko tunavyojipa sifa, kwa sababu tumeifanya kuwa chakula cha harusi. Ingia ukumbi wowote, Sinza, Tabata, Mbezi au Kigamboni. Meza kuu inahudumiwa mahali ilipo; maharusi na wapambe wao hawasimami foleni. Kisha MC anaita wazazi wa pande zote mbili, kamati, halafu meza moja baada ya nyingine. Watu wamechanga, wana kadi, wengine wamechanga kwa kujinyima. Lakini aliyewekwa meza ya nyuma anafikia vyombo saa tano usiku, akakuta wali umejaa, kachumbari imechuja maji, na kuku waliobaki ni migongo. Kwenye nyama daima anasimama kijana mwenye kibanio, maana kamati inajua kwamba kila kitu unaweza kuwaachia watu wajipakulie isipokuwa nyama. Mbele yake bibi mmoja anasogeza sahani.

"Mwanangu, niongezee kimoja, hiki ni mfupa mtupu."

"Shikamoo bibi. Kimoja kimoja tu bibi yangu, nyuma bado wako wengi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya."

Bibi anaondoka na mfupa wake. Kijana hana kosa, amepewa hesabu. Lakini mfumo wenyewe umeshaamua nani ale vizuri kabla chakula hakijafunguliwa, kwa kuwapanga watu kwenye foleni. Foleni haiwezi kuwa ya haki ikiwa kuna mtu mwenye uwezo wa kukuweka mbele au nyuma, na kuna wengine hawapangi foleni kabisa.

Harusi za pwani zinazofanyika mchana Magomeni, Ilala au Buguruni zina njia nyingine ambayo wengi wetu tumekua nayo. Mkeka unatandikwa. Anapita mtu na birika na beseni, mnanawa. Linakuja sinia la pilau, nyama imewekwa katikati, mnakaa wanne hadi sita kulizunguka. Hukuchagua wa kukaa naye. Umekaa palipokuwa na nafasi. Aliyekuja na gari na aliyeshuka daladala wanakula upande wao wa sinia moja, na mkubwa kwa heshima anawasogezea vijana nyama. Hakuna anayesimama na sahani. Ukiniuliza ukumbi rasmi wa meli unafanana na nini katika mila zetu, nitakujibu sinia kabla sijataja hoteli ya kitalii. Unawekwa, unahudumiwa, unakula na watu uliopangiwa na bahati.

Sitaki kuidhulumu bufee. Asubuhi haina mshindani. Meli inapotia nanga saa 1 asubuhi na watu wanataka kushuka kwenda Mji Mkongwe, hakuna maana ya kusubiri mtu akuletee mayai. Mchana pia, mtu ametoka kwenye bwawa la kuogelea, ana watoto watatu wenye njaa za saa tofauti, bufee inamfaa. Kwa anayefunga Ramadhani akiwa baharini, ukumbi wenye zamu unaweza kumtesa: jua linazama zamu ya kwanza ikiwa katikati, na ya pili bado iko mbali, wakati bufee ya meli nyingi iko wazi jioni nzima. Yuko pia mzee ambaye hawezi kukaa mezani saa moja na nusu. Na yuko mtu mwenye woga wa kweli wa menyu yenye majina asiyoyajua. Woga huo nauheshimu. Ila dawa yake ni mhudumu wa kudumu. Usiku wa kwanza unamwambia hujui hiki ni nini, anakueleza, na usiku wa pili anakueleza kabla hujauliza. Mbele ya bufee unasoma kibandiko peke yako na watu wako nyuma yako wanasubiri.

Hili la kibandiko lina uzito zaidi kwa Mwislamu, na kwa yeyote mwenye mzio wa karanga au wa kamba na kaa. Kwenye bufee koleo la chombo kimoja linahamia chombo kingine kwa mkono wa abiria aliyekuwa na haraka. Soseji za nguruwe na za kuku zinakaa jirani. Mpishi anaweza kuwa makini kadiri awezavyo jikoni. Akishafungua mfuniko na kuwaachia watu elfu mbili, umakini wake umekwisha. Ukumbini, kwa mtu mwenye mzio, msimamizi huleta menyu ya kesho leo usiku, anachagua, na jikoni wanaandaa sahani yake peke yake.

Afya ndiyo sura nyingine ya jambo hilohilo. Meli zinazotumia bandari za Marekani hukaguliwa bila taarifa chini ya mpango wa usafi wa vyombo vya majini wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ulioanza miaka ya 1970. Alama ni 100, na inayopata 85 au chini yake imefeli. Sehemu kubwa ya ukaguzi huo ni jikoni na sehemu za kulia, kwa sababu adui mkuu ni norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika kinachohitaji chembe chache sana kumwangusha mtu na ambacho dawa ya mikono ya spiriti haikiui vizuri. Kinachokiondoa ni maji yanayotiririka na sabuni. Ndiyo maana meli mpya za Royal Caribbean zimewekewa masinki ya kunawia kwenye mlango wa bufee, jambo ambalo mwenye birika na beseni wa Magomeni amelifanya siku zote bila kufundishwa na mkaguzi.

Lazima niwe mkweli hapa: kirusi hicho husambaa zaidi kutoka mtu hadi mtu, kwenye vitasa, vyoo na mikono, kwa hiyo si halali kuitupia bufee lawama yote. Lakini kijiko kimoja cha kupakulia kinachoshikwa na mamia ya watu kwa saa moja ni kitasa kingine. Baada ya meli ya Diamond Princess kuwekwa karantini Yokohama, Japani, mwezi Februari 2020, na watu 712 kati ya takribani 3,700 waliokuwamo kuambukizwa korona, meli ziliporejea baharini nyingi ziliweka wahudumu nyuma ya vyombo, abiria akanyoosha kidole akapakuliwa. Wengi walidhani kujipakulia kumekwisha. Kumerudi karibu kote, kwa sababu kunahitaji mikono michache.

Norwegian Dawn ileile iliyokuja kwetu iliingia kwenye mtihani wa namna hiyo Februari 2024. Mauritius iliikatalia kuingia Port Louis kwa hofu ya kipindupindu, baada ya watu kadhaa ndani yake kuumwa tumbo na kutengwa. Vipimo vilionyesha hakuna kipindupindu, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Kwa mkazi wa Dar, hofu ya Port Louis haihitaji maelezo. Kila kipindupindu kinapoingia mjini, wa kwanza kuonywa au kufungiwa ni mama lishe na muuza matunda ya kukatakata. Ni haki kuuliza kwa nini chakula kilichoachwa wazi mbele ya umati kiitwe cha hatari kikiwa Tandale na kiitwe cha kifahari kikiwa kwenye sitaha ya 12.

Kuhusu mabaki nitasema machache. Chakula cha bufee kinachowekwa bila udhibiti wa joto kinaruhusiwa kukaa kwa muda wa saa nne kwa kanuni za ukaguzi wa Marekani, kisha kinatupwa hata kama hakijaguswa. Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, wa kuzuia uchafuzi wa bahari, unaruhusu mabaki ya chakula kumwagwa kwenye sehemu nyingi za bahari yakiwa yamesagwa hadi kupita kwenye tundu la milimita 25, meli ikiwa umbali wa maili 3 za baharini au zaidi kutoka nchi kavu iliyo karibu. Yasiyosagwa ni maili 12. Ukumbi nao una mabaki, sikatai. Lakini mpishi wa ukumbi anajua zamu ya kwanza ina watu wangapi na anapika kwa oda. Mpishi wa bufee anapika ili vyombo visionekane vitupu.

Kuna upande ambao kwa Dar es Salaam una maana kubwa kuliko hizi zote, nao ni kazi. Vijana wetu wanasomea huduma ya chakula na vinywaji katika Chuo cha Taifa cha Utalii na vyuo vingine vya mjini, na wapo wanaolenga meli. Ukumbi rasmi ni mahali ambapo taaluma hiyo inaonekana. Kubeba sahani kadhaa meli ikiyumba, kujua kupakua kutoka upande gani, kukumbuka majina ya watu zaidi ya ishirini kufikia siku ya pili, kusoma uso wa mgeni ambaye hataki kusema kwamba chakula hakikumpendeza: huo ni ufundi, na una ngazi za kupanda, kutoka msaidizi hadi mhudumu, hadi msimamizi. Kwenye bufee kazi inayobaki kwa wengi ni kuondoa vyombo na kufuta meza. Ni kazi halali, ila kijana anaweza kuifanya mkataba mzima wa miezi sita hadi tisa akarudi Mbagala bila ufundi mpya alioongeza.

Bakshishi nayo imebadilika pamoja na meza. Zamani jioni ya mwisho abiria alimpa mhudumu wake bahasha mkononi, akimshukuru kwa jina. Leo kampuni kubwa zinazohudumia soko la Marekani hukata kila siku kwenye akaunti ya abiria, kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa vyumba vya kawaida, kisha fedha inagawanywa kwa wengi. Ugawaji huo una uzuri wake, maana mwosha vyombo asiyeonekana naye anapata. Lakini mgeni anayekula meza tofauti kila usiku hana wa kumshukuru, na mhudumu anayehudumia sura mpya kila saa hana sababu ya kujifunza majina. Uhusiano umekatwa pande zote mbili.

Je, dunia haiwezi kurudi nyuma? Royal Caribbean ilijaribu kwenda mbele kabisa. Mwaka 2014 ilizindua Quantum of the Seas bila ukumbi mkuu wa zamani. Ikaweka kumbi nne ndogo zenye vyakula tofauti, abiria wakawa wanaweka nafasi kila usiku mahali pengine. Malalamiko yakawa mengi. Kampuni ikaongeza utaratibu wa pili ambao wahudumu na wenzako wa meza wanahama pamoja nawe kutoka ukumbi hadi ukumbi, na hatimaye ikauacha mpango wote na kurudisha ukumbi wa zamu. Meli yake kubwa ya Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024 na inayoweza kubeba abiria zaidi ya 7,000, ina ukumbi mkuu wa ghorofa tatu. Hawakuujenga kwa mapenzi ya historia. Abiria waliudai.

Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Disney. Tangu Disney Magic ilipoanza safari mwaka 1998, abiria hula kwa kuzunguka kumbi tatu, na wahudumu wao wanazunguka nao. Kila jioni ukumbi mpya na menyu mpya, mhudumu yuleyule. Mavazi ni ya kawaida jioni nyingi, na watoto wamejaa. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana tangu zamani kuondoa kero ya suti na kuacha meza. Kampuni nyingine zilipoamua kuondoa vyote viwili kwa pamoja zilikuwa zinapunguza gharama za wahudumu na kufungua soko la migahawa ya kulipia, na zikatuuzia uamuzi huo kwa jina la uhuru.

Kumbi zetu za harusi na hoteli zinaweza kujifunza jambo hapa bila kusubiri meli nyingine. Kamati ikitenga fedha za wahudumu wa kutosha, chakula kinaweza kuletwa mezani kwenye mabakuli, kila meza ya watu kumi ikapata pilau lake, kuku wake kwa hesabu sawa na matunda yake. Wapo wanaofanya hivyo tayari mjini, na wageni wa meza ya nyuma wanakula wakati mmoja na wa mbele. Gharama ya chakula haipandi sana. Kinachoongezeka ni malipo ya vijana wa kubeba, na vijana hao tunao. Hoteli zinazoandaa futari ya bufee zifikirie vilevile. Mtu aliyefunga tangu alfajiri hapaswi kufungua kwa kusimama nyuma ya watu arobaini akisubiri uji.

Kwa Mtanzania anayepanga kupanda meli, iwe Durban kwenye msimu wa kiangazi cha Afrika Kusini au kwingine, ushauri wangu ni wa vitendo. Unapokata tiketi utaulizwa kama unataka zamu ya kudumu au kula wakati wowote. Chagua ya kudumu. Utaulizwa ukubwa wa meza. Kataa ya watu wawili, hata kama ni fungate, na omba ya wanane au kumi. Andika mapema usichokula. Bufee itumie asubuhi na mchana. Na kama ukipanda ukute umepangiwa meza usiyoitaka au zamu imejaa, nenda kwa msimamizi mkuu wa ukumbi mchana wa siku ya kwanza, kabla ya chakula cha jioni, kwa sababu hapo ndipo anapokaa na orodha yake na kuwapanga watu upya. Siku ya pili meza zitakuwa zimeshajuana.